Mlingoti Uliokwenda Zahanati

Nchi yetu sitaitaja kwa jina. Msije mkadhani naogopa. Naogopa, ndiyo, lakini hiyo siyo sababu. Sababu ni kwamba jina lenyewe hubadilishwa kila Mlezi Mkuu wa Taifa anapoota ndoto nzuri, na mimi leo sijasikiliza redio tangu asubuhi. Nikitaja la jana nimekwisha. Tuseme tu ni nchi yenye milima, mito na watu watiifu, na kama kuna mtu wa Serikali anayenisikiliza hapa, naomba hilo la watu watiifu alitie moyoni kabla hajaendelea.

Mimi naitwa Mwalimu Kidaya. Nafundisha darasa la nne katika shule ya msingi, na juu ya hapo mimi ndiye mwalimu wa bendera. Kufundisha hakunisumbui. Bendera ndiyo iliyoninyima usingizi mpaka nikakonda, mke wangu akaanza kuniuliza kama nina mwanamke mwingine.

Mambo yalianzia angani. Mlezi Mkuu alikuwa akirudi kutoka mkutano wa wakubwa wenzake, na huko mkubwa wa nchi jirani alijitapa mbele za watu kwamba kwake, katika kila watoto mia, tisini na wawili huenda shule kila siku. Mlezi wetu alinuna njia nzima. Ndege ikiwa bado mawinguni akachukua redio ya rubani, akatangaza kwamba katika nchi yake watoto wote, mia kwa mia, wako darasani wakati huohuo anaozungumza.

Bahati mbaya ilikuwa Jumapili.

Jamani, siku hiyo! Tulikimbizana na watoto mitaa yote. Wengine tuliwatoa kanisani, wengine mtoni, mmoja alikuja na povu la sabuni masikioni, analia. Lakini ndege ilipotua wote walikuwa madarasani, na Mlezi Mkuu hakuwa mwongo. Tangu siku hiyo hajawahi kuwa mwongo hata mara moja, maana kazi ya kuliangalia hilo tumeachiwa sisi.

Mnielewe vizuri. Mtoto kuhudhuria shule kila siku ni jambo jema, sina ubishi. Mtoto anayekuja leo, kesho haji, keshokutwa anaonekana sokoni anauza karanga, huyo hata ukimfundisha kujumlisha anabaki na nusu ya jumla. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwafuata watoro majumbani kwao, nakaa na wazazi, tunazungumza, mtoto anarudi. Ilikuwa kazi ya polepole. Serikali ikaona polepole ni uzembe, ikaamua kutuhimiza.

*

Ikaundwa Wizara ya Kuhudhuria. Waziri wake ni Mheshimiwa Desderi Tarimbo, mtu mnene, mwenye sauti ya kutetemesha madirisha, ambaye yeye mwenyewe, Mungu amweke, hajaonekana bungeni tangu aapishwe. Alitoa kanuni fupi ili hata mtoto wa darasa la kwanza aikariri: "Aliye chini ya bendera ya shule yake, yupo. Asiye chini ya bendera ya shule yake, Mungu amsaidie."

Hapa inabidi niwaeleze jambo la kwetu. Katika nchi yetu shule haianzi na jengo, huanza na mlingoti. Mheshimiwa huja, hukabidhiwa koleo lililofungwa utepe, shimo linachimbwa, mlingoti wa bendera unasimikwa, watu wanakula pilau, na shule imefunguliwa. Jengo hufuata Mungu akipenda. Kwetu sisi alipenda kuta tatu. Kwa hiyo ukiuliza kisheria shule ni nini, jibu ni mlingoti. Kuta ni mapambo.

Kila asubuhi watoto wakishahesabiwa napandisha bendera. Ikifika juu kabisa, wote wapo. Ikiishia katikati, kuna mmoja amekosekana, na ikiishia katikati tu, haujapita muda unasikia mlio. Ni Gari la Upendo.

Gari hilo limepakwa rangi ya waridi na kuchorwa moyo mkubwa ubavuni. Halina dirisha. Huja kumchukua mzazi wa mtoto aliyekosekana, kumpeleka mahali akapendeshwe elimu. Mzazi hurudi, siwezi kusema harudi. Hurudi kichwa kimenyolewa upara, ametulia mno, na ukimsalimia anasema "Nipo." Ukimuuliza umekula nini jana, anasema "Nipo." Fundi cherehani wa mtaani kwetu alirudi hivyo, na sasa hata mbuzi akilia anasimama wima na kuitika. Wahenga walisema ukimwona mwenzio ananyolewa, wewe tia maji. Sisi tulitia maji mtaa mzima. Watoto walianza kufika shuleni kabla ya jogoo kuwika.

Ikabaki homa. Watoto wana tabia ya kuugua, hawajui kanuni. Mheshimiwa Tarimbo akatoa tamko kwamba siku za masomo mwanafunzi haumwi. Zahanati ikaagizwa isimpokee mtoto wa shule saa za masomo, kwa kuwa kumpokea ni kumficha mtoro. Na baada ya saa za masomo? Baada ya saa za masomo zahanati imefungwa, kwa sababu tabibu naye anatakiwa kuhudhuria gwaride la watumishi. Methali ile ya mficha maradhi kifo humuumbua ikaondolewa vitabuni kama uchochezi. Ilipokuja surua, darasa la pili zima liliwashwa na vipele, likakohoa, likahudhuria. Tukapewa cheti.

Na kile cheti ndicho kilichotuletea balaa. Wizara iligundua kwamba shule yetu haijawahi kushusha bendera katikati. Ikatuma habari: Jumatatu Mheshimiwa Waziri atakuja mwenyewe, na waandishi wake, kutupandishia Bendera ya Dhahabu ya Mahudhurio Kamili. Mwalimu mkuu wetu, Bi Anifa Rukonge, aliposoma habari hiyo alikaa chini taratibu. Huyu ni mama mfupi, mkali, asiyecheka na mtu, na nilikuwa sijawahi kumwona akikaa saa za kazi.

"Kidaya," akaniambia, "siku hiyo hata kunguru wa mti ule wawepo."

*

Jumatatu ikafika. Nilikuwa naifuta kamba ya bendera kwa kitambaa, nikamwona Mama Sikitu anakuja mbio huku amembeba mwanawe mgongoni.

Sikitu ni mwanafunzi wangu wa darasa la nne. Mtoto mwerevu, ana domo, akikuuliza swali unatamani kengele ilie. Mama yake anauza maandazi na hana mume wala mtoto mwingine. Siku hiyo miguu ya Sikitu ilikuwa inaning'inia tu, kichwa kimelalia bega la mama, macho yamefunguka nusu na weupe tu ndio unaoonekana.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Sikitu. Kulikoni?"

"Mwanangu anawaka moto! Tangu juzi ni homa, mara anatetemeka, mara anaongea maneno sijui ya wapi. Leo kaanza kukakamaa. Nimempitisha zahanati, tabibu kafungua mlango kidogo kama hivi, kaniuliza yuko darasa la ngapi. Nikasema la nne. Akasema, mama, mtoto huyu yuko shuleni. Nikamwambia baba, mbona yuko mgongoni kwangu? Akasema wewe unaona yuko mgongoni, sheria inaona yuko shuleni, mkimbize huko kabla hatujachukuliwa wote. Akafunga. Lakini nimemsikia analia ndani, mwalimu. Mwanamume mzima."

Nikamgusa Sikitu paji la uso, mkono ukarudi wenyewe kama nimegusa sufuria. Mimi si tabibu, lakini malaria iliyopanda kichwani naijua, ilimchukua mdogo wangu. Mtoto akifikia hapo ni dripu au ni sanda. Jua lilikuwa bado chini. Mpaka jioni zahanati ingekuwa imefungwa na mtoto huyu asingekuwepo, kwa maana ile ya kweli ya kutokuwepo.

Na angalieni uoga ulivyo, ndugu zangu: jambo la kwanza nililomwambia mama yule lilikuwa, "Mweke kwenye dawati lake kwanza, nimhesabu."

Bi Rukonge alinisikia. Alikuja, akamwangalia mtoto, akainua kope moja kwa kidole gumba. Nilidhani atatugombeza. Sauti yake ilitoka nyembamba.

"Akibaki hapa atakufa."

"Atakufa akiwa yupo," nikasema. Sijui kwa nini nilisema vile. Ulimi wa mwoga haungoji ruhusa.

"Akienda zahanati ni mtoro, mama yake anachukuliwa, na tabibu hampokei."

"Ndiyo, mwalimu mkuu."

"Nisomee kanuni."

Nikasimama wima, nikakariri huku meno yanagongana: aliye chini ya bendera ya shule yake, yupo.

"Inasema bendera iwe wapi?"

Nikafikiri. Nikairudia kanuni moyoni kutoka mwanzo mpaka mwisho. Haisemi. Nilipoelewa mama huyu anataka nini, nikashika mlingoti nisianguke, naye akadhani nimeshaanza kazi.

"Vizuri, Kidaya. Ung'oe."

*

Kung'oa mlingoti wa Serikali si mchezo. Nilichimba kwa jembe la bustani ya shule, jasho jembamba linanitoka, kila nikitupa udongo naomba msamaha kwa sauti. Watoto walipanga mstari kimya. Hawakuuliza kitu, watoto wetu walikuwa wamekwisha acha kuuliza. Mlingoti ulipolegea, wakubwa wa darasa la sita na la saba waliingia chini yake, wakauinua mabegani ukiwa bado umesimama, umeinama kidogo tu, na bendera juu kabisa kwenye ncha. Sikitu alikuwa katikati, mgongoni kwa mama yake. Shule ikaondoka.

Tulipita sokoni. Wauza nyanya walipotuona walifunika nyanya zao, wakajifunika na wao wenyewe. Mzee mmoja muuza kamba akauliza kwa kunong'ona, "Shule inahamia wapi?" Mwenzake akamziba mdomo kwa kiganja. Kule kwetu hakuna anayetaka kuwa shahidi wa jambo asilolielewa. Nyuma yangu nilimsikia Mama Sikitu akisema, "Sikitu. Sikitu mama. Niitikie basi." Sikitu hakuitika. Mama akaendelea kumwita hivyohivyo, bila kuchoka.

Kwenye kona ya mashine ya kusaga, tukakutana uso kwa uso na Gari la Upendo.

Akashuka Afande Mbelwa, mkuu wa gari, mtu mrefu mwenye mkasi wa kunyolea uliotundikwa kiunoni. Alikuwa njiani kwenda shuleni kusafisha njia ya Waziri.

"Nyie! Simameni hapo! Mnakwenda w..."

Hakumaliza. Bendera ilikuwa imefika mbele yake. Na sheria yetu ya bendera, ambayo ndiyo kongwe kuliko zote, inasema bendera ikipita, kila mtu asimame wima, mikono ubavuni, kimya, mpaka ipotee machoni. Juzi tu Afande huyuhuyu alimchukua mtu aliyepiga chafya. Basi akasimama, na vijana wake nao wakaruka kutoka garini wakasimama, macho mbele. Tulipita chini ya pua yake, mtoto mmoja mmoja, watoto wa darasa la kwanza wakimsalimia kwa adabu kila mmoja, "Shikamoo, Afande," naye hawezi kuitikia, anatoka jasho tu, na mshipa wa shingo unacheza. Nilimtazama mara moja nikajuta. Macho yake yalikuwa yananihesabu nywele.

"Tembea polepole," Bi Rukonge akaninong'oneza. "Tukikimbia bendera itapotea machoni upesi."

Nawaulizeni, mmewahi kutembea polepole huku miguu yote miwili inataka kukimbia? Basi ndivyo tulivyokwenda.

*

Tabibu Lusekelo alipotuona tunasimika mlingoti kwenye ua wa zahanati yake, alitoka na koti jeupe alilolifunga vifungo kombo.

"Mnafanya nini? Mnataka kuniua?"

"Tabibu, umefika mwenyewe shuleni, karibu," Bi Rukonge akamjibu. "Hapo uliposimama ni ofisi ya mwalimu mkuu. Huyu mtoto yuko chini ya bendera ya shule yake. Yupo. Hakuna kanuni inayomkataza mtu aliye shuleni kumchoma mtoto sindano."

Tabibu aliitazama bendera. Akamtazama mtoto. Midomo ikawa inacheza kama anasoma kitu. Halafu, jamani, yule mwanamume akarudi ndani mbio, tukasikia vitu vinaanguka, akatoka na dawa, chupa ya dripu na mpira wake.

"Mlazeni hapo hapo chini ya mlingoti. Hapo hapo! Asitoke kwenye kivuli cha bendera."

Tulimlaza juu ya khanga ya mama yake. Tabibu akampiga sindano ya kwanza, akatafuta mshipa, akaupata. Sasa chupa itundikwe wapi? Zahanati ilikuwa na stendi moja ya dripu, na jana yake maofisa walikuja kuiazima ili kipaza sauti cha Mheshimiwa Waziri kipate pa kukaa. Nikaangalia huku na huku. Hakuna mti, hakuna msumari. Kulikuwa na kamba ya bendera tu.

Kamba hiyo ni moja, inazunguka: upande mmoja bendera, upande wa pili mtupu. Ukiivuta bendera ishuke, upande wa pili unapanda. Nikaifunga chupa kwenye ule upande mtupu, juu kidogo ya kichwa changu. Dawa ikaanza kudondoka, tone, tone, ikishuka mkononi mwa Sikitu. Tabibu akasema chupa hii ikiisha yote mtoto ana nafasi. Ikikatika njiani, hana nyingine, zahanati imebakiwa na hiyo tu.

"Inachukua muda gani?" Mama Sikitu akauliza.

Hapo ving'ora vikaanza kulia.

*

Msafara wa Mheshimiwa Waziri ulikuwa umekwenda shuleni kwanza, ukakuta kuta tatu na shimo. Nasikia Mheshimiwa alilitazama shimo lile kwa muda mrefu, kisha akasema kwa mshangao mkubwa: "Shule imetoroka." Wakafuata alama za miguu ya watoto mpaka zahanati. Afande Mbelwa, aliyeungana nao njiani, alikuwa mbele yao, na mkasi sasa ulikuwa mkononi.

Niliona nimekufa. Nilianza hata kuwaaga wanangu moyoni, mmoja mmoja kwa umri. Lakini Bi Rukonge alipiga hatua, akainama kidogo, akasema kwa sauti ya kusikika: "Karibu shuleni, Mheshimiwa. Wanafunzi wote wapo. Hesabu mwenyewe."

Waandishi walikuwa wameshatoa kamera. Mheshimiwa akaona kamera, uso ukachanua. Watoto wakahesabiwa chini ya bendera. Hakuna aliyekosekana. Afande akarudia kuhesabu akitafuta kosa kwa macho ya njaa, hakulipata.

"Na huyu mbona amelala darasani?" akauliza, akimnyooshea Sikitu mkasi.

"Amelala, lakini yupo," Bi Rukonge akajibu.

"Ahaa!" Mheshimiwa akadakia, na ile stendi ya dripu ikaletwa ikiwa na kipaza sauti. "Ndugu wananchi! Mnaona wenyewe! Huko kwa majirani mtoto akilala, analala nyumbani. Sisi kwetu hata kulala analalia shuleni! Huu ndio uhudhuriaji wa kisasa, uhudhuriaji endelevu, uhudhuriaji wenye macho, miguu na mbawa!" Tukapiga makofi. Aliendelea hivyo kwa kitambo, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwomba Mungu hotuba ya kiongozi isiishe. Nilikuwa naitazama chupa. Ilikuwa bado imejaa nusu.

Hotuba ikaisha.

"Mwalimu wa bendera! Shusha hiyo ya zamani, tupandishe ya dhahabu."

Nikashika kamba. Mnanielewa? Nikivuta, bendera inashuka, chupa inapanda, mpira unachomoka, sindano inatoka mkononi mwa mtoto. Nisipovuta, nimemkatalia Waziri mbele ya kamera. Mama Sikitu alikuwa amepiga magoti, ananitazama. Mikono yangu ilitetemeka mpaka bendera kule juu ikawa inapepea bila upepo. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nilifundishwa hivyo na marehemu bibi, na nimeishi kwa methali hiyo miaka yote. Vidole vikaanza kukaza.

Ndipo Bi Rukonge akaanza kuimba Wimbo wa Taifa.

Wimbo wetu ukiimbwa ni marufuku mtu kujongea, hata inzi akikutua puani. Na wimbo wenyewe hauishi upesi, maana Mlezi Mkuu akifanya jambo lolote ubeti unaongezwa: upo ubeti wa daraja alilojenga, upo wa daraja lilipoanguka, upo wa kisigino chake kilipopona. Watoto wakadaka wimbo wote kwa pamoja. Waziri akakauka na tabasamu lake. Afande akakauka na mkasi. Mimi nikakauka na kamba mkononi, namshukuru Mungu.

Tuliimba. Jua likapanda, jasho likamtiririka Mheshimiwa mpaka kwenye tai. Tuliimba daraja, tukaimba kisigino, tukaimba ng'ombe aliyemzawadia balozi. Tone, tone. Sauti za watoto wadogo zikaanza kukauka, mmoja akawa analia huku anaimba. Ubeti wa mwisho ukafika, na kwenye chupa bado kulikuwa na kidole kizima cha dawa.

Mheshimiwa akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Wallahi sijui ni nani aliyeimba. Niliisikia sauti, mbaya, ya kukwaruza, nikamtafuta mwenye nayo, nikakuta ni yangu. "Mlezi wetu leo kaamka salama, kanywa chai yake, kaomba na kitumbua..." Ubeti wa uongo! Nimetunga Wimbo wa Taifa kwa mdomo wangu! Nilingoja kushikwa shati. Lakini nani angeukana ubeti ule? Labda uliongezwa redioni asubuhi ile wakati Waziri yuko barabarani. Mheshimiwa akapepesa macho, akakauka tena. Watoto wakaudaka. Bi Rukonge akatunga unaofuata, wa Mlezi kufunga kamba za viatu. Tukapokezana hivyo, kitumbua, viatu, mswaki, mpaka tone la mwisho likaning'inia, likashuka.

Wimbo ukaisha wenyewe, na tabibu akachomoa sindano.

Sikitu akafumbua macho. Safari hii mboni zilikuwepo. Akaona jua liko juu, akamwona mama yake, akaona kuta za zahanati na ule mlango wake wa kijani. Nikaona furaha inaanza kumjia mama usoni, nami ikanijia, nikataka kucheka.

Mtoto akapiga kelele.

"Mama! Jua limeshatoka! Mama, sijaenda shule!" Akajitupa kwa magoti, akaanguka, akatambaa kwenye vumbi huku anahema. "Wasikuchukue, mama, nakwenda, nakwenda sasa hivi, mwambie Afande nakwenda, wasikunyoe mama, niko njiani..."

Hata Afande aliangalia pembeni. Kisha Mheshimiwa Tarimbo akatoa leso, akajifuta jicho, akasogelea kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," akasema, na sauti yake kweli ilikuwa imejaa machozi, "hamu ya elimu ndiyo hiyo. Mpigieni makofi."

Tukampigia. Nami nilipiga kwa nguvu kuliko wote, hadi viganja vikaniwasha. Mama Sikitu peke yake hakupiga, maana mikono yake yote miwili ilikuwa imemkumbatia mwanawe asiinuke kukimbilia shule.